Paipu ya kuvuta hewa ya tabo: ipi ununue kwa Subaru inayopanda Mau Summit

Forester au Impreza ya tabo (turbo) ikianza kuishiwa pumzi kwenye mlima kati ya Salgaa na Mau Summit, barabara ya Nakuru–Eldoret, usikimbilie kubadilisha tabo. Anza na paipu inayotoka kwenye sensa ya hewa hadi mdomo wa tabo. Kwenye injini za EJ20 na EJ25 hupita chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, ikipikwa na joto na kulowa mvuke wa oili unaotoka kwenye mpira wa pumzi ya injini. Plastiki ikizeeka hukakamaa, halafu hupasuka kwenye mikunjo, upande wa chini usioonekana.

Hewa inayoingia kwenye ufa huo haijapimwa na sensa, kwa hiyo petroli inakuwa pungufu. Skana huonyesha P0171, yaani kodi ya petroli pungufu, na marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (petroli ambayo kompyuta inaongeza kufidia) hupita asilimia 10 injini ikiunguruma taratibu, kisha hupungua ukiongeza mwendo wa injini. Kibaya zaidi ni vumbi: linapita nje ya eya klina na kwenda moja kwa moja kusaga mapanga ya tabo.

Hakikisha kwanza. Ziba upande wa sensa, ingiza moshi kwa psi 1 au 2, usizidishe, kwa sababu presha hiyo inafika pia kwenye sili za kreki, zile zinazozuia oili isivuje. Usipulizie breki klina kutafuta ufa karibu na tabo yenye moto. Inawaka.

Nafasi ya kwanza tunaipa silikoni ya tabaka 4 au 5 yenye bitana ya fluorosilikoni. Bitana ndiyo unayolipia: silikoni tupu hunywa oili, ikavimba na kulegea. Dukani ibinye kwa mkono mmoja katikati ya kona. Kuta zikigusana kirahisi, iache, maana mvuto wa tabo utaibana vivyo hivyo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa ikiwa nyepesi tabo huzunguka zaidi kupata presha ileile, na paipu dhaifu hujulikana mapema. Kisha hesabu vichomozi vya mipira midogo: pumzi ya injini, vali ya kurudisha hewa, solenoidi ya presha. Linganisha na paipu yako ya zamani mkononi, si na picha ya simu. Kichomozi kimoja kikikosekana utaishia kuziba kwa boliti na gundi, na uvujaji unarudi.

Ya pili ni paipu mpya ya kiwandani. Haiongezi nguvu, lakini inakaa bila kukata wala kulazimisha. Kama gari lako lina tabo yake ya asili na kompyuta haijaguswa, kwako hii iwe ya kwanza. Silikoni haitakupa nguvu utakayoihisi.

Alumini ni ya tatu. Haibanwi na mvuto, ila haina unyumbufu: bila viungo vya silikoni pande zote mbili, mtikisiko wa injini hupasua mshono. Pitisha kidole na kitambaa cheupe ndani. Chembe ya kuchomelea ikibaki humo, itang'oka na kupiga panga la tabo.

Mwisho kabisa ni ya mtumba iliyong'olewa kwenye injini ya Japani. Ni plastiki yenye umri sawa na yako. Mpira wa rejeta usiuweke kabisa.

Mwenye Forester XT ya toleo la SJ asinunue paipu ya EJ. Injini yake ni FA20, tabo iko chini mbele, njia ya hewa ni tofauti.

Usihamishe sensa kwenye bomba pana. Kutoka milimita 65 hadi 76, eneo la ndani huongezeka kwa zaidi ya thuluthi moja. Sensa itasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, mchanganyiko ukose petroli, na injini ianze kugonga ukikanyaga. Piston hutoboka hivyo. Upana huo unahitaji kompyuta ipangwe upya kabla gari halijatoka gereji.

Kazi yenyewe ni ya siku nzima ukiifanya sawasawa, yaani kwa kuinua manifoldi. Fundi anayeisukuma silikoni kwa chini bila kuinua huikwaruza au huiacha imejikunja. Nunua gasketi mbili mpya za manifoldi, ziba matundu ya hewa kwa vitambaa nati isidondoke ndani, na boliti zifungwe Nm 25. Telezesha paipu kwa maji ya sabuni, si grisi. Klipu ziwe na mkanda laini ndani zisikate silikoni. Ile ya mdomo wa tabo geuza kichwa chake mahali bisibisi itafika manifoldi ikiwa imerudi, kwa sababu baada ya kilomita 500 hivi silikoni huwa imelegea kidogo na klipu zote zinataka kukazwa tena.