Kupika bia nyumbani Mtwara: ununue chombo gani cha umeme?

Wanaoanza kupika bia nyumbani huulizia sana kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), halafu chombo cha kuchemshia wanabeba chochote kilichopo dukani. Ingefaa wageuze. Kimea kisipokupendeza utaagiza kingine, lakini chombo ukishakilipia utakaa nacho. Na chombo cha bia kina kazi mbili zisizofanana. Kwanza kikae kwenye nyuzi 65 hadi 68 kwa saa nzima, kimea kitoe sukari yake. Kisha kitokote kwa nguvu saa nyingine, hopsi zitoe uchungu na vijidudu vife. Vyombo vingi madukani, Mtwara hata Lindi, vinaiweza moja tu kati ya hizo.

Tuanze na umeme wenyewe. Soketi zetu ni za ampea 13, kwa hiyo kwa volti 230 hupiti wati 3,000 hivi. Chombo cha wati 2,500 kichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Tena volti zikipungua, nguvu inaporomoka kuliko unavyodhani: chombo cha wati 2,000 kikipata volti 200 kinabaki na kama wati 1,500. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na mafriji, maji yanaweza kufuka tu yasitokote. Pika asubuhi.

Namba moja: boila ya chai ya lita 20

Ni lile pipa la stenlesi lenye bomba chini, linalowekwa kwenye semina na shughuli. Kwa anayeanza naliweka juu ya vyote, hata juu ya mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya bia. Unalipata kwenye maduka ya vyombo na vifaa vya umeme mjini, na lisipokuwepo linatoka Kariakoo kwa basi. Koili ikiungua, fundi umeme wa kawaida anaweza kuibadilisha.

Ila boila hazifanani, na hapa ndipo pesa inapopotea. Usichukue yenye swichi ya kuwasha na kuzima peke yake. Chukua yenye kitufe cha kuzungusha chenye namba za joto, na namba hizo zifike 100 au zaidi. Nyingi zimetengenezwa zikate umeme maji yakikaribia kuchemka, kisha zitunze joto tu. Kwa chai ni sawa kabisa. Kwa bia haifai, maana maji ya kimea yanatakiwa yatokote saa nzima bila kufunikwa, ili mvuke uondoke na harufu ile ya mahindi ya kuchemsha.

Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia boksi. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba tuichomeke." Atakuambia ni mpya, haina shida. Sisitiza kwa upole, tia maji lita tatu, peleka kitufe mwisho, ukae hapo hapo. Maji yakianza kuchemka sikiliza: ikilia "tak" na taa ikazimika huku maji yanatulia, irudishe kwenye boksi, shukuru, uende duka la pili. Ikiendelea kutokota kwa dakika kumi, hiyo ni yako. Wakati unasubiri, iangalie ndani. Sakafu iwe bapa na koili iwe imefichwa chini yake, si ile inayojikunja waziwazi ndani ya maji, kwa sababu kimea kitagandia pale na kuungua. Nati ya bomba kwa ndani ifunguke kwa mkono au spana, maana bomba lisilofunguka halisafishiki, na bia huchachia humo humo. Pindua uone kibandiko cha wati: kwa lita 20, chini ya wati 2,000 utasubiri sana. Tafuta na nembo ya TBS, Shirika la Viwango.

Mapishi yake yanakwenda hivi. Maji lita 14, kimea cha shayiri kilichosagwa kwa kuparaza kilo 2 na nusu ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, na sahani ya stenlesi iliyopinduliwa chini ili mfuko usilalie sakafu. Kimea kinafyonza maji, mvuke unachukua lita mbili na ushee, mwisho unabaki na lita 9 hadi 10, yaani chupa za nusu lita kama 18 hadi 20 zenye kilevi cha asilimia 5 hivi. Umeme utakula uniti 3 na kidogo. Kwa tarifa ya kawaida, ambako shilingi 1,000 inaleta uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 1,100. Aliye kwenye tarifa ya chini analipa theluthi ya hapo, ila achunge asivuke uniti 75 kwa mwezi, maana akihamishwa tarifa nyumba nzima italalamika.

Kuna sababu nyingine ya kupenda boila, nayo ni mtama. Kimea cha shayiri lazima kiagizwe, lakini mtama upo sokoni na kuotesha kimea chake ni kazi ambayo mama zetu wengi wanaijua. Tatizo ni kwamba wanga wa mtama unalainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, nyuzi 68 hadi 78, na kwenye joto hilo vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinaanza kufa. Dawa yake ni kuvitoa kwanza. Loweka kimea kwenye maji ya uvuguvugu, kiache kitulie, fungua bomba utoe maji yenye vimeng'enya uyaweke pembeni. Kinachobaki kipike kwenye sufuria jikoni kama uji mzito, kipoe hadi nyuzi 65, ndipo uyarudishe yale maji. Kwenye boila usipike huo uji, utaungua chini. Bila bomba kazi hii ni ya kuchota kwa kikombe, na nusu utaimwaga.

Neno la adabu: kama familia ina boila inayozunguka kwenye maulidi na hitima, hiyo usiiguse hata kwa majaribio. Nunua yako, iweke alama.

Namba mbili: jiko la presha la umeme

Kama tayari unalo nyumbani, usinunue kitu bado. Sufuria ya lita 6 inatoa lita tatu au nne za bia, kiasi cha kutosha kujua kama kazi hii unaiweza. Washa kwa kitufe cha kukaangia, pasha maji hadi nyuzi 70, tia kimea, zima, funga jiko zima kwa blanketi kwa saa moja. Usitegemee kitufe cha kutunza joto, kwenye majiko mengine kinapita 70 na kukuharibia. Kuchemsha fanya bila mfuniko kabisa. Usithubutu kuufunga na kuweka presha: povu na majani ya hopsi vinaziba tundu la mvuke, na hapo hakuna mchezo. Baadhi ya majiko hujizima baada ya nusu saa, unabonyeza tena.

Kulinunua kwa ajili ya bia peke yake, hapana.

Namba tatu: mashine kamili za bia

Grainfather, BrewZilla na nyingine za namna hiyo ni nzuri, sibishi. Zina pampu, kikapu cha kimea, na joto unaliweka kwa namba kamili. Lakini huko zinakouzwa bei huanzia mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na kibao cha elektroniki kikiungua kwa umeme wa kupanda na kushuka, spea si rahisi kuipata Mtwara wala Dar. Ukiamua kuchukua, weka kidhibiti cha volti kwanza. Mimi ningesubiri hadi boila iwe imeniridhisha kwa misimu miwili ya korosho.

Namba nne: jagi la umeme

Lita 1.8, linajizima lenyewe likichemka. Bia humo haipikiki, na ukilitia maji ya kimea litafurika povu mpaka kwenye swichi. Ni msaidizi mzuri tu: huku boila inapasha, jagi linakuongezea maji moto, na baadaye linakusaidia kusafisha chupa. Usilichomeke soketi moja na boila.

Hita ya kuning'iniza kwenye ndoo sikuipa namba. Haina kidhibiti cha joto, za bei chee nyingi hazina waya wa ethi, na unga wa kimea unaigandia na kuungua. Muuzaji akikushawishi, mwachie.

Boila hii, tuelewane, ni ya bia. Kupika gongo au nipa nyumbani ni kosa kisheria, na bia yako ukitaka kuiuza ni lazima leseni.

Chenji inayobaki inunue kipimajoto cha kidijitali kabla ya kitu kingine, kwa sababu namba za kwenye kitufe cha boila hukosea kwa nyuzi kadhaa. Koili ya shaba ya kupozea achana nayo. Maji yetu ya bomba yenyewe ni ya vuguvugu, hayawezi kushusha bia hadi nyuzi 20 ambazo hamira nyingi za bia zinazitaka. Agiza kveik, hamira ya mashamba ya Norwe inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, joto ambalo chumba cha Mtwara kinalikaribia bure mwezi wa Desemba. Beseni la maji yenye barafu linatosha kuishusha bia hadi 35. Pakiti ya gramu 11 inatosha mapishi mawili ya lita 10. Nusu iliyobaki ifunge isiingize hewa, iweke kwenye friji mbali na samaki.