KIA: ndani pako poa, ukitoka nje ndo kazi inaanza

Nimeshukia KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, juzi natokea Dar, na kwa vile uwanja huu naupita tangu enzi zile mnasubiri mabegi mmebanana kama kwenye hiace ya saa kumi na mbili jioni, acha niseme ya moyoni.

Ndani wamejitahidi aisee. Ule ukarabati uliokamilika 2017, Waholanzi wakiwa wamechangia hela, uliutoa kwenye uwezo wa abiria 500,000 kwa mwaka mpaka milioni 1.2 na nafasi unaiona kweli, vyoo visafi, begi langu halikuchelewa. Ninachopenda zaidi ni kwamba unashuka ngazi unatembea kwa mguu kwenye lami, na mawingu yakiwa na huruma mlima huo hapo mbele yako, wazungu wote wanaganda kupiga picha na dada wa kizibao cha njano anawaswaga kama mbuzi.

Tatizo ni mahali ulipo. Walivyoufungua 1971 hesabu ilikuwa mtalii wa Serengeti na Ngorongoro asipitie tena Nairobi ashukie kwetu moja kwa moja, wakautupa huko Hai kwenye tambarare katikati ya Arusha na Moshi, njia ya kurukia kilomita 3.6, midege mikubwa inatua bila presha. Wazo zuri sana, ila mpaka leo uwanja si wa Arusha si wa Moshi, ukija na basi unaachwa njiapanda pale barabara kuu na kule ndani utajijua mwenyewe. Ukitoka napo teksi wanakupima kwa macho. Mimi nilitajiwa elfu 80 kwenda Moshi, nikamwambia kaka mimi wa Kibosho, sijaja kupanda mlima, akacheka weee, tukamalizana hamsini. Basi la abiria la kueleweka linashindikana nini jamani miaka yote hii?

Halafu mgeni wako mwambie vizuri, KIA sio ule uwanja mdogo wa Kisongo pale Arusha. Msicheke, Desemba 2013 hata Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakuja KIA ilienda kutua Kisongo, kwenye njia ya kilomita 1.6 tu, ikaishia kunasa kwenye nyasi, Mungu mkubwa hakuna aliyeumia.

Uendeshaji ulikuwa chini ya kampuni ya KADCO tangu 1998, mwaka 2023 ukahamia TAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, mimi abiria wa kawaida sijaona cha tofauti sana. Chai ya mle ndani bei yake ni ya dola hata kama unalipa shilingi, kunywa kwenu kabisa.

Nyota 4. Na kama unakuja Desemba kata tiketi kuanzia Septemba, Wachaga tukianza kurudi nyumbani Krismasi, kama wanavyotutania "kuhesabiwa", hiyo bei hutaiamini.