Warsha za maonyesho ya sanaa ya kisasa, Mikocheni, Dar es Salaam
Maonyesho yenyewe ni mazuri, lakini kilichonivutia zaidi ni warsha za Jumamosi zilizo wazi kwa wote, ambako msanii wa uchapaji alituelekeza kuchonga mchoro kinyume kwenye ubao, kuupaka wino kwa rola na kuukandamizia karatasi, hata tukaelewa kwa mikono yetu kwa nini nakala mbili za mchoro mmoja zilizotundikwa ukutani hutofautiana kidogo. Mazungumzo yaliyofuata, yaliyoanzia kwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga na picha alizochora kwa rangi za kung'aa pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, yaliendeshwa kwa Kiswahili fasaha, jambo ambalo kumbi nyingine zingepaswa kuliiga. Vifaa vya kuchongea havikutosha. Waandaaji wapunguze washiriki kwa kila kipindi.