Vitabu vya picha vilivyonijazia kiatu maji

Mke wangu ni muuguzi. Wiki akiwa na zamu za usiku, saa moja anafunga mlango na mimi nabaki na watu wawili wasio na mpango wowote wa kulala: mkubwa wa miaka sita na mdogo wa mitatu na nusu. Tunakaa Nkuhungu, hapa Dodoma, vyumba viwili na sebule, na uani kuna mbuzi wa jirani anayejiona naye ni mpangaji. Kwa muda mrefu dawa yangu ilikuwa simu. Katuni moja, nyingine, bando likiisha ni vilio. Mwezi wa tano nikachoka, nikaagiza vitabu.

Nilikuwa najua ninachotaka. Sungura na fisi tunao wa kutosha, na bibi yao anawasimulia kuliko kitabu chochote. Mimi nilitaka nyumba kama yetu: foleni ya bafuni, baba anayetafuta kandambili, mtoto aliyegoma kuoga, wageni wanaofika wakati hakuna sukari. Na vichekeshe.

Hapa mjini nilihangaika. Maduka ya vitabu niliyopita kule Majengo yamejaa vitabu vya kiada, maswali na majibu, madaftari na rula. Ukiuliza hadithi ya mtoto wa darasa la awali unaletewa ba be bi bo bu. Muuzaji mmoja, mtu mwema kabisa, aliniuliza, "Hicho kinasaidia mtihani gani, kaka?" Ikabidi niagize kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar. Nikatuma hela, mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi ya Nanenane. Nililipia vitabu sita. Ndani ya bahasha vilikuwemo vitano. Hilo nitalirudia.

Vinne ni vya hapa hapa nchini, vyembamba, vya kubanwa kwa pini, kila kimoja kati ya sh. 4,000 na 6,000. Cha tano kimetafsiriwa kutoka nje, jalada gumu, sh. 22,000.

Nianze na cha maji, maana hicho kimetutawala. Mtu yeyote aliyewahi kupanga Dodoma hadithi hii anaijua: maji ya mgao yanatoka saa nane usiku. Ukurasa wa kwanza bomba linakoroma. Mama anaamsha nyumba nzima. Wanajaza ndoo, wanajaza madumu, beseni, sufuria, birika, vikombe, na kila ukifunua chombo kinazidi kuwa kidogo, mpaka watoto wamepanga mstari wanajaza vijiko. Kila ukurasa una sentensi moja, kisha Mama anasema, "Bado!" Basi. Baba hatajwi popote kwenye maneno. Lakini kwenye picha yupo kila mahali, kalala mkekani, watu wanamruka, na kufika katikati ya kitabu dumu la lita 20 limeegeshwa tumboni kwake.

Mkubwa hakumwona. Alikuwa anafuata herufi kwa kidole, anajivunia kusoma. Aliyemwona ni mdogo, asiyejua hata a. "Baba huyu hapa! Na hapa! Na hapa!" Mkubwa akaninyang'anya kitabu, akarudi mwanzo, akakuta ni kweli, akaangua kicheko huku amekasirika. Tangu siku hiyo mdogo ndiye mtaalamu wa picha na mwenzake ndiye mtaalamu wa maneno, na mmoja hawezi kufaidi kitabu bila mwingine. Wiki nzima sikusikia ugomvi wa nani alale ukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kuvitazama hivi vitabu kwa jicho la kazi. Mimi nina kibanda cha stationari, natoa kopi, nachapa barua, nabana ripoti za wanachuo. Mara nyingi vitabu vya namna hii huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, ikikunjwa mara mbili inatoa 8. Mwandishi anapewa nafasi hiyo na si zaidi. Sasa aliyetengeneza kitabu cha maji kaitumia mikunjo hiyo kama mtani mzuri anavyotumia kimya. Swali linakaa ukurasa wa kulia, jibu limejificha nyuma yake. Mkono wangu unaposhika kona ya karatasi, watoto tayari wameshaziba midomo.

Wiki mbili baadaye maji yakatoka kweli usiku. Nikaamka, nikajaza madumu sita, nikarudi kulala nikijisifu. Asubuhi naingiza mguu kwenye kiatu: chubwi. Kimejaa hadi ukingoni. Cha pili kilikuwa nusu. Nikamwita mdogo. Hakukana. Alikitazama kile cha pili kwa masikitiko, akasema, "Bado."

Cha mbuzi kinafuata kwa karibu. Siku ya wageni mbuzi kaingia sebuleni, hodi inapigwa, hakuna pa kumficha, wanamfunika kanga na kumkalisha kwenye kiti. Mgeni ana miwani mizito. Anainama: "Shikamoo, bibi." Kwa maandishi mbuzi anajibu, "Meee." Nilikuwa nakisoma hivyo hivyo mpaka mama yangu alipokuja kutoka Kongwa na mlenda wake mkavu na mfuko wa ubuyu. Kwa kweli nilikuwa na wasiwasi. Mbuzi kuamkiwa shikamoo, mbele ya bibi wa Kigogo? Nikataka kuruka ukurasa. Mkubwa akaniumbua: "Baba, umeruka."

Mama hakuwa na miwani yake, kwa hiyo maneno hakuyasoma. Alikisogeza kitabu kwenye taa, akamtazama mbuzi, akaitazama kanga, akamtazama mgeni aliyeinama. Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akamjibia mbuzi, kwa sauti ya bibi kikongwe: "Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi!" Hiyo ya mwisho ni salamu yetu ya Kigogo. Sasa "Meee" imefutwa nyumbani kwetu. Nikiisoma nasahihishwa. Na yule mbuzi wa uani anaamkiwa shikamoo kila asubuhi, jambo ambalo jirani mwenyewe bado hajaamua kama alichukulie utani au la.

Kaka yangu mkubwa ndiye hakupenda. Alikaa na kile cha maji dakika tano, akauliza, "Sasa mtoto anamcheka baba yake, hiyo ni adabu?" Nilimheshimu nikanyamaza, lakini hapa nasema: mtoto siku nzima anaambiwa kaa, oga, kula, nyamaza. Ukurasa mmoja wa mtu mzima aliyelala na dumu tumboni haumfanyi akudharau. Wangu wananiita baba vilevile. Ila wananichungulia nikilala.

Kitabu cha kuoga kilikuwa kizuri mpaka ukurasa wa mwisho. Mtoto anakimbia sabuni, anajificha ndani ya pipa la unga wa mahindi, anatoka mweupe kama mzimu, anamshtua hata mama yake. Mmecheka vizuri, unafunua, unakutana na kichwa cha habari: "Tumejifunza nini?" Maswali manne, yenye namba. Jamani. Ni kama mtu akusimulie utani halafu akupe mtihani. Naelewa kinachosababisha: mtaji wa kitabu mara nyingi unategemea shule kukinunua, na mwalimu anataka maswali. Lakini mwekeeni mwalimu kijitabu chake pembeni. Kwetu mkubwa ameshatoa agizo, "Ukurasa wa mwalimu tuache," na mimi nimeugandisha kwa gundi ya kibandani.

Cha nne ni cha kandambili zilizopotea. Kinapita. Picha zimebanana, na ukishajua nani kaziiba hakuna cha kurudia.

Hicho cha sh. 22,000, sitakisema vibaya sana kwa sababu karatasi yake ni ngumu na kimeangushwa kwenye uji kikapona. Tatizo ni kwamba kicheko chake kinaishi mbali. Familia inagombania mashine ya kukatia majani, theluji imeziba mlango, mbwa analala kitandani. Nilijikuta nasoma sentensi moja, naeleza tatu. Mpaka nimalize kueleza theluji, utani umeyeyuka. Na Kiswahili chake ni kile cha mtu aliyeshikilia kamusi: baba anamwambia mwanawe "Mpenzi, tafadhali kuwa mwema." Nani anaongea hivyo na mtoto aliyemwaga uji?

Malalamiko ya ufundi: pini. Vitabu viwili viliachia kurasa za katikati ndani ya mwezi, na pini ikabaki imechomoza, hatari kwa vidole vidogo. Mimi nilibana upya kwa stepla ya mkono mrefu. Wewe usiye na stepla hiyo, nenda kwa mtu wa stationari mtaani kwako mapema, na mwambie azilaze ncha za pini ndani.

Kwa asiye na bajeti: African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, wana hadithi za picha za bure mtandaoni, za Kiswahili zipo, na unaruhusiwa kuzichapa. Nimewachapia wateja kadhaa. Ushauri wangu ni kwamba zile za kuchekesha lipia rangi. Nilijaribu moja kwa nyeusi na nyeupe, na kilichokuwa cha kuchekesha pembeni ya picha kikageuka doa.

Nyota nne kwa jumla, tano kwa cha maji. Na sasa lile la kitabu cha sita. Nilipiga simu, nikaambiwa kiko njiani. Huu ni mwezi wa tatu kiko njiani. Hata punda angeshafika kutoka Dar. Nilichonacho ni picha ya jalada aliyonitumia muuzaji siku ya kwanza: baba kasahau funguo, kakwama dirishani, nusu ndani, nusu nje, suruali imenasa kwenye kitasa. Watoto wanaiomba kila usiku. Mkubwa anasema atatolewa na zimamoto. Mdogo anasema hapana, atalala hapo hapo, mama akirudi zamu atamvuta miguu. Kikija nitarudi hapa kusema nani alishinda.