Mtego wa beseni wa kantangaze: ununue, lakini si kwa sababu unayoambiwa dukani

Kantangaze ni nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya. Kwa nyanya za Ilula, mkoani Iringa, mtego wa beseni la maji unaushinda ule wa pembetatu wenye karatasi ya gundi. Kiangazi vumbi hufunika gundi, nondo akatua na kuondoka zake. Beseni likiingia vumbi, unamwaga maji na kujaza mengine.

Udhaifu wake ni chambo, yaani kile kidonge cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Kikikaa rafuni chini ya bati la moto kinaisha nguvu kabla hujakinunua. Dai kilichotoka kwenye friji, pakiti haijafunguliwa, tarehe haijapita. Halafu soma jina: lazima paandikwe Tuta absoluta, jina la kisayansi la kantangaze. Chambo cha viwavijeshi vamizi kinafanana nacho kabisa kwa macho, na ukichukua hicho beseni litabaki tupu huku ukidhani shamba ni salama. Usikishike kwa mkono mtupu.

Tega wiki moja au mbili kabla ya kuhamisha miche. Weka maji lita 5 hivi na kijiko cha sabuni ya unga. Bila sabuni nondo huelea na kujinasua. Chambo kining'inie sentimita 2 hadi 3 juu ya maji, kisiguse. Beseni likae chini au juu ya tofali, na majani yasilifunike. Badilisha chambo kila wiki 4 hadi 6, cha zamani usikitupe shambani.

Wauzaji wengi husema ukitega mitego mingi utaacha dawa. Hapo sikubaliani nao. Mtego hunasa madume tu, na majike waliokwisha kupandwa huingia kutoka shamba la jirani. Mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Kunasa kwa wingi kunataka mitego 20 hadi 40 kwa hekta, yaani 8 hadi 16 kwa ekari. Ndani ya kitalu nyumba sawa, lakini kwenye shamba la wazi ni hela ya bure. Nunua miwili kwa ekari, ikupe taarifa.

Hesabu nondo mara mbili kwa wiki na uandike. Idadi ikipanda mara mbili mfululizo, chuma majani yenye mabaka meupe, uyainue juani: utamwona kiwavi ndani, na kinyesi chake cheusi. Pulizia hapo hapo, kabla hajatoboa tunda karibu na kikonyo. Tumia dawa inayopenya jani, kama abamektini, na awamu inayofuata tumia dawa ya kundi jingine, maana kantangaze huzoea dawa haraka. Dawa zinazoua kwa kumgusa mdudu tu hazimfikii ndani ya jani.

Juni na Julai beseni likiwa karibu tupu, liache hapo hapo. Kwenye nyuzi 27 kizazi hukamilika kwa siku 24 hivi, kwenye nyuzi 14 huchukua zaidi ya siku 70. Baridi ya Iringa humchelewesha tu. Endelea kujaza maji mpaka masalia ya nyanya yachomwe au yafukiwe.