Darasa la Kiingereza karibu na soko la Kibuye, Kisumu, baada ya mihula miwili

Binti yangu yumo Kidato cha Tatu, na tatizo lake halikuwa kuzungumza Kiingereza, kwa maana anakizungumza kwa kasi inayonishinda mimi niliyekisoma kabla yake. Tatizo lilikuwa karatasi ya pili ya mtihani wa Kiingereza, ile ya ufahamu, fasihi na sarufi yenye alama 80, ambayo mara tatu mfululizo alirudi nayo nyumbani ikiwa na alama zisizofika 30, huku akiapa kwamba taarifa aliielewa yote. Jirani yetu hapa Migosi ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu anayefundisha Jumamosi asubuhi na Jumapili alasiri katika chumba cha ghorofani, mwendo mfupi kutoka soko la Kibuye. Tumelipia mihula miwili sasa, shilingi 500 kwa kipindi cha saa mbili, na kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza kama pesa hizo zinapotea bure, naeleza nilichokiona.

Siku ya kwanza hakukuwa na somo. Mwalimu alimpa taarifa ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu ukame, maswali manane na penseli, kisha akamwagiza kwamba kila akijibu swali apige mstari chini ya sentensi iliyompa jibu hilo. Katika maswali matatu hakupata pa kupiga mstari, kwa sababu alikuwa amejibu kwa yale anayoyajua mwenyewe kuhusu ukame. Katika mengine mawili alikuwa amenakili sentensi nzima ilhali swali lilitaka sababu moja tu. Nilipokwenda kumchukua, mwalimu aliniambia, "Mzazi, mtoto huyu anasoma taarifa vizuri sana. Asichosoma ni swali." Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba hana msamiati wa kutosha, kama nilivyoambiwa shuleni, kwa hiyo maneno hayo yalinifanya nikae mkao wa kusikiliza.

Zoezi la mstari ndilo uti wa mgongo wa darasa hili, na linaendelea kila juma mpaka mwanafunzi anaanza kulifanya bila penseli. Maswali ya maana ya maneno nayo yana utaratibu wake: jibu linarudishwa ndani ya sentensi ya mwandishi, na lisipokaa vizuri pale, limekosa hata kama kamusi inalikubali. Neno likiwa kitenzi cha wakati uliopita, maana yake sharti iandikwe kwa kitenzi cha wakati uliopita. Binti yangu alikutana na "a novel idea" akaandika kwamba ni kitabu kirefu cha hadithi. Alipolazimishwa kulirudisha jibu hilo mahali pake alicheka mwenyewe, kisha akakisia kwamba ni wazo jipya. Tangu siku hiyo haulizi tena neno lina maana gani kabla ya kusoma sentensi iliyotangulia na inayofuata.

Kwenye zoezi la kujaza mapengo, ambalo katika karatasi ya kwanza lina alama 10, mwanafunzi haruhusiwi kutaja neno kabla ya kusema pengo linahitaji aina gani ya neno. Jambo lililonifurahisha ni kwamba wanazitaja aina hizo kwa istilahi walizofunzwa katika somo la Kiswahili: nomino, kitenzi, kihusishi, kielezi. Mwalimu haoni aibu kupitia Kiswahili, na hata Dholuo, ili kufika kwenye Kiingereza. Anawaonyesha kwamba kitenzi "azima" kwetu kinatumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, na ndiyo maana mtoto anachanganya "lend" na "borrow". Anawaonyesha kwamba kiambishi kimoja tu, -ni, katika mezani, sokoni na chumbani, kinabeba kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kati ya "on", "at" na "in". Na kwa kuwa "yeye" hana jinsia katika Kiswahili, wala "en" katika Dholuo, insha inayoanza na "she" inaishia na "he" bila mwenyewe kujua. Sisi tulivishwa diski, kile kibao cha kuaibisha, shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani shuleni, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kutueleza kosa lenyewe linatoka wapi.

Zipo kasoro, na baadhi si ndogo. Tulipoanza, kundi letu la Jumapili lilikuwa na wanafunzi tisa. Sasa ni 22 katika chumba kile kile, na kazi iliyokuwa ikisahihishwa papo hapo inarudi baada ya majuma mawili. Nakala za taarifa zimefifia kiasi kwamba mistari ya chini inasomwa kwa kubahatisha. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, na kelele za makanga na tuktuk huingia dirishani, lakini dirisha likifungwa joto la Kisumu halivumiliki. Uandishi wa insha haufundishwi kabisa, wala vitabu teule, yaani vile vya fasihi vinavyotahiniwa, hivyo anayetafuta muhtasari wa kukariri atatoka mikono mitupu. Mdogo wa binti yangu aliye Gredi ya 8 nilimtoa baada ya majuma manne, kwa sababu aliwekwa pamoja na wa kidato na akawa anasinzia tu.

Wakati wa likizo mwalimu hufunga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, na yeye hataki kusikia hoja ya mzazi anayedai kwamba katazo hilo linazihusu shule peke yake. Badala yake huwaagiza wakasome gazeti katika maktaba ya umma ya Kisumu, na warudi na daftari lenye maneno mapya, kila neno likiwa ndani ya sentensi lilimotoka.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula uliopita binti yangu alipata alama 47 kati ya 80 katika karatasi hiyo ya pili. Nyingi kati ya zilizoongezeka zilitoka kwenye ufahamu na dondoo la kitabu teule, ambavyo kwa pamoja vina alama 45. Sarufi, yenye alama 15, ilipanda kidogo tu, na shairi bado linamsumbua, kwa sababu mstari wa kupigwa chini ya shairi haupatikani kirahisi. Tutalipia muhula wa tatu, ila nimemwomba mwalimu ampeleke kundi la Jumamosi, ambalo lina wanafunzi wachache na halina kelele za soko.