Kabla Hujalipia Laptopu ya Mtumba, Soma Mafaili Haya

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tupo Mbeya, na hii mnayoiona mezani ni laptopu ya mtumba kutoka duka moja la Mwanjelwa. Ila ninachochambua leo ni kitu cha bure kilichomo ndani ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows: folda mbili, /proc na /sys. Wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, na ninyi wa vyuo vya Iringa, mnaniuliza sana mtajuaje kama mashine mnayouziwa ndiyo hiyo kweli. Mimi nawajibu kwa hizi folda.

Nenda dukani na fleshi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mwombe muuzaji uiwashe mashine kwa fleshi hiyo, uchague kujaribu bila kusakinisha. Windows yake haiguswi. Akikataa kabisa, hama duka.

Sasa tazameni. Nikiorodhesha yaliyomo /proc, faili la cpuinfo, lenye habari za prosesa, linaonyesha ukubwa sifuri. Nikilifungua, maneno yanamwagika ukurasa mzima! Ni kwa sababu faili hili halikai kwenye diski. Keneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo inayotunga jibu pale pale unapolisoma. Wazo la kuonyesha programu zinazoendeshwa kama mafaili lilielezwa na Tom Killian wa Bell Labs mwaka 1984, kwenye Unix. Linux ikalichukua, na mwaka 2003 toleo la 2.6 likaja na /sys ili habari za vifaa zipate makao yake.

Angalieni cpuinfo ya mashine hii. Muuzaji alisema ina kore nne, yaani vitengo vinne vya kufanya kazi ndani ya prosesa, na kweli orodha ina prosesa 0 hadi 3. Lakini shukeni mpaka mstari wa "cpu cores": 2. Hii ni Core i5-5300U, ina kore mbili, kila moja inaendesha nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi kwa pamoja, ndiyo maana orodha inahesabu nne. Kwa kuandika ripoti na kufungua intaneti inatosha vizuri, ila bei ya kore nne usiilipe.

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iko /proc/meminfo, mstari wa MemTotal, kwa kilobaiti. Ukiuziwa 8GB ukakuta pungufu kidogo, usigombane na mtu. Sehemu imeshashikwa na keneli na vifaa vingine. Diski nayo ni haraka: /sys/block/sda/queue/rotational ikisema 1 ni ile ya kuzunguka, ikisema 0 ni SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi.

Betri ndiyo inayonifanya nizipende hizi folda. Ingia /sys/class/power_supply/BAT0. Soma energy_full_design, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, kisha energy_full, yaani inachoweza kubeba leo ikijaa. Hapa ya kwanza ni 50000000, ya pili 31000000. Hizo ni maikrowati-saa: wati-saa 50 zimebaki 31, sawa na asilimia 62. Kwenye kona ya skrini itakuandikia asilimia 100 kila ukiichaji, wala haidanganyi, imejaa kile kidogo kilichobaki. Umeme ukikatika usiku una kazi ya kukabidhi asubuhi, ndipo utaona tofauti. Mwonyesheni muuzaji namba hizo mbili, halafu mzungumze bei.

Joto lipo /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp. Ukiona 47000, ni nyuzijoto 47. Kwa baridi yetu ya Julai, mashine iliyotulia bila kazi ikisoma 75000, mimi nashuku feni imejaa vumbi.

Kasoro zipo. Vipimo ni vya kihandisi mno, mtu mgeni anaweza kuogopa. Majina hubadilika: kuna mashine zinazoandika charge_full badala ya energy_full, kwa maikroampea-saa, na diski za kisasa huitwa nvme0n1, si sda. Halafu keneli inarudia tu inachoambiwa na kifaa. Faili la cycle_count, linalohesabu mizunguko ya kuchaji, likionyesha 0 kwenye betri kuukuu, usishangilie. Betri nyingi hazitoi hesabu hiyo. Kwa hiyo hata ukiridhika na namba, chomoa chaja, iache dakika ishirini video ikicheza, uone inavyoshuka.

Amri zote nimeziandika kwenye maelezo chini ya video. Ukikuta mashine yenye BAT1 badala ya BAT0, niandikie kwenye maoni folda yako inaonyesha nini, tuisome pamoja.